Kambi ya Mchangani

Amri ilifika ikiwa na maneno matatu tu.

*Mgeni asitoke mtoni.*

Wakiuru aliisoma, akaifuta, kisha akairudisha simu katika mfuko wa koti lake la pikipiki. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya genge, vichaka vya miiba vikimkinga, darubini ya Zeiss mkononi na bastola ya Ceska kiunoni. Chini yake ulilala mto mkavu wa Mwala, mweupe kama unga. Katikati ya mto huo mwanamume mrefu, mwembamba, alikuwa akinyoosha kamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili.

Ndiye yeye.

Jalada lilimtaja kuwa ni Daktari Idris Abakar, mzaliwa wa El Fasher, Darfur. Aliingia Kenya baada ya vita kulipuka nchini kwao. Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi, aliwakusanya wanaume wenye sare katika mto huu, akawafundisha kuchimba mahandaki na kufukia shehena mchangani, huku wakiimba nyimbo za vita. Kulikuwa na picha za droni kuthibitisha hayo. Ndani ya muda mfupi kikosi maalumu kingefika na kuizingira kambi. Kazi ya Wakiuru ilikuwa kuhakikisha kwamba mshukiwa hatoroki. Akikimbia, apigwe risasi.

Aliyeleta picha hizo alikuwa Rupert Colvile, mshauri wa usalama kutoka ng'ambo, mwenye ofisi ya vioo karibu na EPZ, eneo la viwanda la Athi River, na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno. Wiki iliyotangulia alikuwa amesimama mbele ya maofisa wa Idara ya Ujasusi, akazungumza kwa Kiswahili safi cha darasani.

"Majirani zenu wanapenda vita kama wengine wanavyopenda mpira," alisema. "Nyinyi mmejaliwa. Nyinyi ni kisiwa cha amani. Swali ni kama mtakilinda."

Maofisa wote waliitikia kwa vichwa. Wakiuru naye aliitikia. Ilikuwa tamu kusifiwa hivyo, na utamu huo ulimzuia mtu yeyote kuuliza ni nani hasa aliyezihesabu hizo sare.

Sasa upepo uligeuka, ukamletea sauti.

Nyimbo.

Wakiuru alitega sikio. Sauti moja ilitangulia, nyingi zikaitika, na kila kiitikio kiliishia kwa mgoto wa jiwe juu ya jiwe. Wimbo huo aliujua. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliohamia Yatta kufanya biashara, na katika utoto wake wote wimbo huo ulipita mbele ya duka lao ukielekea mashambani na mitoni.

Ilikuwa mwethya. Watu wa kijiji walikuwa wamekutana kufanya kazi ya pamoja, ile isiyo na mshahara wala bosi.

Hadi wakati huo darubini yake ilikuwa imemwandama mtu mmoja. Aliisogeza kwa wengine, na chini ya kofia pana na fulana za kijani akaona leso. Akaona mama mzito akimkemea mwenzake kwa kidole.

Walikuwa wanawake, karibu wote.

Huenda ni kificho tu, alijiambia. Mjanja angefanya hivyo hasa. Alifunga zipu ya koti hadi shingoni, bastola isionekane, akateremka mtoni.

Yule mama mzito alimpokea kabla hajafika mchangani. Jina lake lilikuwa Kamanthe, mwenyekiti wa kikundi.

"Wakya?" alimsalimia kwa Kikamba.

"Aa," Wakiuru aliitika.

"Umetoka wapi, mwiitu, binti yangu, na jua limeshatuchoma?"

"Yatta. Nilikuwa napita, nikasikia wimbo."

"Basi umechelewa. Mwenye kuchelewa anabebea mwenzake mawe. Hiyo ni faini, na hapa hakuna kukata rufaa. Ingia kwa laini, pale kando ya ndakitali, daktari wetu mrefu."

Ndivyo jasusi alivyojikuta katika mstari, akipokea mawe kutoka kulia na kuyapitisha kushoto, kiwiko chake kikigusana na kiwiko cha mtu ambaye yeye alitumwa kumzuia.

Wakiuru alimchunguza. Mikono ya Idris ilikuwa na malengelenge mapya, yaani hakuwa mtu wa kazi za sulubu. Miguuni pake kulikuwa na begi refu jeusi, lenye urefu wa bunduki. Alipoinama na kulifungua, mkono wa Wakiuru ulipenya ndani ya koti na kuishika Ceska.

Kilichotoka ni kiunzi cha miguu mitatu na kipimio cha usawa wa ardhi.

"Mimi ni mtu wa maji," alisema Idris, kana kwamba ameulizwa. Kiswahili chake kilikwenda polepole, kila neno likipimwa. "Nilifundisha chuo kikuu, Khartoum. Hapa tunajenga bwawa la mchanga. Ukuta unazuia mchanga, mchanga unahifadhi maji. Ukitazama kutoka juu utasema ni jangwa. Chini yake mto umejaa."

"Na kule kwenu?" Wakiuru alimjaribu. "Watu watakuwa wanapigana mpaka lini?"

Idris alipokea jiwe, akalipitisha.

"Kila mtu huniuliza hivyo. Wengine huuliza wamekufa wangapi. Hajatokea mtu wa kuniuliza somo nililofundisha. Leo nimekuambia kwa nguvu."

Wakiuru aligeukia jiwe lililofuata. Alikumbuka mwaka ule baada ya uchaguzi, alipokuwa bado shuleni, moto wa Kenya ulipoonyeshwa katika televisheni za ulimwengu. Mjomba wake aliyekuwa akisoma ughaibuni alipiga simu akicheka kwa uchungu. Mwenye nyumba alikuwa amemuuliza kabila lake ni lile linaloua au lile linalouawa.

Redio ndogo ya Motorola ilikwaruza chini ya koti. Alitoka mstarini na kujibanza nyuma ya rundo la mitaimbo.

"Mwewe Mmoja, ongea." Ilikuwa sauti ya Gathogo, mkuu wake.

"Mgeni yuko mbele yangu, mzee. Hii si kambi. Ni kina mama wanajenga bwawa."

"Picha zinasema lingine."

"Picha hazisemi. Zimesemewa."

"Wakiuru, usinianzie falsafa. Nimevunja kizuizi chote cha barabarani cha Katelembo, vijana wote wanakuja kwako na amri ya kupiga yeyote mwenye silaha."

Aliitazama mitaimbo iliyokuwa mbele yake, mirefu, myeusi, iking'aa juani. Kutoka angani ingefanana na nini?

"Nani alisema kizuizi kivunjwe?"

"Colvile. Alisema askari hawatoshi."

"Kwa hivyo barabara kutoka EPZ hadi huku haina mtu?"

Gathogo hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyesifiwa kupita kiasi, kama wao wote.

"Niunganishie Colvile," Wakiuru alisema. "Na wewe usikate. Sikiliza tu."

Laini ililia mara kadhaa.

"Colvile hapa."

"Bwana Colvile, droni yako iko juu yetu sasa hivi?"

"Naam. Ninawaona vizuri. Wanaume wapatao arobaini, sare za kijani, silaha ndefu."

"Kuna wanawake?"

"Hakuna. Watu hao hawaruhusu wanawake kambini. Nimewasoma miaka mingi, dada."

Wakiuru aliinua redio juu, akamwita mwenyekiti kwa neno la Kikamba la mama. "Mwaitu Kamanthe, hebu msalimie mkubwa wangu."

Kamanthe alijifuta mikono kwa leso, akasogea. "Wakya, mzee. Nasikia ni wewe unatuletea askari. Tuliomba simiti."

Mstari mzima ulicheka. Kilikuwa kicheko cha kina mama walioamka mapema, nacho kiligonga kingo za mto na kurudi.

"Huyo ni nani?" Gathogo aliuliza.

"Kamanda wa kambi."

Colvile alikuwa ameshakata simu.

"Pigia kikosi, mzee. Waambie wasifyatue."

"Wameingia bondeni, redio zao hazishiki. Nitajaribu. Wewe watoe hao watu hapo."

Lakini Wakiuru alikuwa ameanza kuwazia jambo jingine. Ni nani hurusha droni kila Alhamisi juu ya mto usio na kitu?

"Mwaitu, siku za mwethya huwa mnaona gari lolote hapa?"

"Si kuna lile lori?" Kamanthe alisema. "Linavuka hapo chini kwa kivuko cha zege, linaenda kiwanja cha ndege cha zamani, kile cha shamba la mkonge. Sisi tulidhani ni matajiri wa mkonge wamerudi."

Droni ilikuwa ikililinda lori. Kina mama waliingia tu katika picha, na Colvile, mtu asiyetupa kitu, akawapatia kazi ya kuwavuta askari kutoka barabarani.

Mbali, upande wa barabara ya Machakos, vumbi lilikuwa likipanda. Lilitokana na gari moja, tena la mizigo.

"Ndilo," Kamanthe alisema.

"Nahitaji mawe yenu. Yote, pale kwenye zege."

Kamanthe hakuuliza sababu. Aligeuka, akabadilisha wimbo, na mstari ukageuka naye. Mawe ya bwawa yalitiririka kutoka mkono hadi mkono hadi kivuko cha zege kikawa na ukuta unaomfika mtu kiunoni. Idris alisimama ukingoni akiukazia macho mchanga wa upande wa juu wa kivuko, ule uliokuwa mlaini kama shuka lililotandikwa.

"Atatuona na kukwepa kupitia hapo," alisema.

"Kutapitika?"

"Ninyi mngepita?"

Kina mama waliguna. Hata mtoto mdogo wa Mwala angelijua jibu.

Wakiuru aliwaamuru wote walale nyuma ya genge. Yeye alibaki nyuma ya mawe.

Lori aina ya Isuzu lilishuka likiunguruma. Dereva aliuona ukuta, akakata usukani, akaliingiza kwenye mchanga mkavu kwa mwendo mkali. Kwa urefu wake mmoja lilikwenda vizuri. Kisha pua ikainama. Mchanga ulifunguka, maji yakabubujika kuzunguka magurudumu, na lori likazama hadi kwenye ekseli.

Mlango wa abiria ulifunguka. Mlinzi aliruka na AK-47, akatua katika matope yaliyomshika magoti.

"Itupe," Wakiuru alisema.

Mlinzi aliinua bunduki.

Ceska ililia mara moja. Bunduki iliruka, mlinzi akaushika mkono wake akigumia. Dereva, mtu wa makamo aliyeitwa Masila, alishatoka na mikono juu.

"Mimi ni dereva tu, madamu. Nina watoto."

"Umebeba nini?"

"Wanasema vyerehani."

Wakiuru alivunja kufuli, akabandua kifuniko cha kreti ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na mabawa ya droni za kivita yaliyopangwa kama sahani. Kreti ya pili ilijaa risasi.

"Zinaenda wapi, Masila?"

Dereva alimtupia Idris jicho, kisha akatazama chini. "Ndege inazipeleka Sudan. Darfur."

Idris alisogea hadi kwenye kreti, akaweka kiganja chake juu ya bawa moja.

"Na ofisini kwao," alisema, "huandika kwamba tunapenda vita."

Injini zilinguruma juu ya genge. Kikosi kilikuwa kimefika. Amri ya Gathogo ilikuwa imewapata, maana walishuka mitutu ikielekea chini, na Wakiuru akairudisha Ceska kiunoni. Kamanda wao, Njogu, alilipita lori lililozama, akazipita kreti zilizo wazi, akampita mlinzi mwenye damu mkononi. Alisimama mbele ya Idris.

"Wewe. Kitambulisho."

Wakiuru alidhani hakusikia vizuri.

"Njogu. Shehena iko nyuma yako."

"Nimeiona. Lakini huyu ndiye Msudani. Kwanza tumchukue, mengine yatafuata."

Pingu zilikuwa tayari mkononi mwake. Idris alikwisha kuinyoosha mikono. Aliinyoosha kwa wepesi wa mtu aliyezoea, na wepesi huo ulimwuma Wakiuru kuliko pingu zenyewe.

Kamanthe aliingia katikati yao, matope hadi magotini.

"Huyu ni wa mwethya yetu. Ukimpeleka, unatupeleka sote. Na uje na gari kubwa, maana sisi si wembamba."

Nyuma yake kina mama walisimama mmoja mmoja, wakapanga mstari. Njogu aliwatazama, kisha akamtazama Wakiuru.

"Zirudishe pingu," Wakiuru alisema kwa upole. "Ukimfunga huyu mbele ya hizo kreti, utaeleza mahakamani, nami nitakuwa shahidi wa kwanza kukupinga. Funga walioshikwa na bunduki."

Njogu alizirudisha pingu mfukoni. Hakuomba msamaha. Lakini alikwenda kwenye lori.

Colvile alinaswa Katelembo, kwenye kizuizi kilichorudishwa upya, akiwa ndani ya Prado na begi moja. Wakiuru alipofika alimkuta ameegemea gari, mikono imefungwa, uso mtulivu.

"Unajua, ofisa," alisema, "sikudanganya sana. Nilitaja Darfur tu. Mengine mlijaza wenyewe."

Wakiuru angependa kulikanusha neno hilo.

"Ni kweli," alisema. "Mpakieni."

Redio ilikwaruza.

"Mwewe Mmoja, kazi nzuri," Gathogo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka asubuhi moja. "Naandikia wakubwa. Huyu Msudani nimwite nani? Mshukiwa aliyeachiliwa?"

"Mwandike shahidi, mzee. Palipo na mshukiwa, niandike mimi. Ukibaki na nafasi, jiandike na wewe."

Alizima redio kabla ya jibu, akavaa helmeti, akawasha pikipiki. Aliingia barabarani bila haraka, na hakugeuka nyuma.