Kiti Kilichoupa Mlango Mgongo

Tairi la lori lilipasuka pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na kabla Noela hajajua kimetokea nini, alijikuta amelala kifudifudi juu ya dagaa, mwanamume asiyemjua amemfunika kwa mwili wake. Gauni lake la njano likawa halitamaniki.

"Wewe kaka una wazimu?"

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni bunduki."

Noela akamwona bado akilikodolea macho lile lori, na hasira zote zikamwisha.

Aliitwa Byamungu, seremala kutoka Kivu, mwalimu wa ufundi katika kituo cha manusura wa vita huko Mkuyuni. Alimnunulia gauni jingine, kisha zikaanza simu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi la mbao."

"Pole. Njoo Mhaya wako akupikie ndizi."

Lakini kila walikokwenda, Byamungu alichagua kiti kinachotazama mlango.

"Unamvizia nani, mkeo?" Noela alimtania.

Ndipo akamwambia. Akiwa na miaka kumi waasi walimchukua, wakampa bunduki. "Nikiupa mlango mgongo, nawasikia wakija."

Noela alilia sana. Kisha akajifuta machozi, akasema, "Jumamosi walete wazee wako kwa baba."

Tangu hapo simu ya Byamungu ikawa haipatikani. Noela akaamini kabisa ana mke Bukavu, na Ijumaa akaenda Mkuyuni amefura.

"Sema tu kama una mwingine!"

Byamungu aliweka randa chini. "Sina mwingine, Noela. Sina mtu yeyote. Baba yako ataniuliza wazee wangu wako wapi. Walichomwa na kundi letu, nami nilikuwapo. Nimjibu nini?"

Kwenye cherehani iliyokuwa kando, Mama Nabintu, manusura mwenzake Byamungu, aliacha kushona.

"Byamungu," alisema, "piga pasi shati lako jeupe."

Kesho yake Byamungu na mama huyo wakaingia nyumbani kwa mzee Mutalemwa, baba yake Noela, aliyekuwa ameketi na wazee wenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akamgeukia mama. "Nawe ni nani wake?"

"Vijana wa bunduki, kama huyu, waliniulia mutoto. Nilipofika kituoni sikukubali hata kula naye. Akanichongea kitanda, nikakikataa. Mvua ikaingia chumbani, nikakilalia. Kama kuna mutu wa kumukataa, ni mimi. Nimekuja kumuposea. Mimi ni mama yake."

Mzee alichukua kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kumkaribishia mgeni, akampa mama kwa mikono miwili. Kisha akamwonyesha Byamungu kiti kilichobaki, kimeupa mlango mgongo.

"Keti, mwanangu."

Byamungu alikitazama kile kiti, jasho likimtiririka. Akaketi, macho ameyafumba.

Noela alikuwa akichungulia kutoka jikoni. Hakungoja kuitwa. Alipita katikati ya wazee, akaenda kusimama mlangoni, nyuma ya Byamungu.