Meseji Sita za Laini ya Burundi

Basi la Kahama lilikuwa limeshaiacha Benaco, na Zita hakugeuka nyuma. Begi miguuni, uso mkavu. Jumamosi iliyopita baba yake, Mzee Ndikuriyo wa Murusagamba, aliandaa pombe ya ndizi, akaita wazee waje kupokea ng'ombe wa mahari. Wazee wakanywa, wakangoja, wakaaga. Luhende, mchumba wake, hakutokea, wala hakujibu meseji hata moja. Sasa Zita alikuwa anakwenda kwa shangazi yake Ildefonsa kushona nguo na kumsahau Msukuma wa Nyabusozi.

Akairudisha laini yake ya Tanzania kwenye simu. Kwao haishiki, ndiyo maana tangu siku ya mnada, siku tisa sasa, alitumia laini ya Burundi, ambayo mtandao wake unadakwa kutoka ng'ambo ya kilima. Laini ilipowaka tu, simu ikaita.

— Zita! Siku tisa sikupati!

— Luhende, una uso wa kunipigia? Jumamosi ulikuwa wapi?

— Malishoni. Ningekuwa wapi?

— Nilikuandikia siku, saa na idadi ya ng'ombe!

— Sijaona kitu. Naapa kwa mama.

— Mwache mama yako apumzike. Meseji sita, kwa ile namba ya Burundi niliyokupa mnadani.

— Ile niliiandika kwenye daftari la chanjo ya ng'ombe, nikaliacha nyumbani. Kwenye simu sijaisevu. Lakini meseji haijaingia, Zita, hata moja!

Zita akaibana simu sikioni. Sauti ya mwongo aliijua, na hii haikuwa hiyo. Ila sauti peke yake haitoshi.

— Uko wapi?

— Lusahunga. Natafuta gari la kuja kwenu nijue moja.

— Baki hapo, simu mkononi. Basi linasimama. Nisipoziona hizo meseji kwa macho yangu, naendelea na safari, na usinitafute.

Lusahunga alimkuta na mabuti yake ya malishoni, fimbo kwapani, mbele ya kibanda cha fundi simu, Projestus.

— Dakika kumi! konda akapaza sauti.

— Mpe fundi simu, Zita akasema. Salamu hakutoa.

Projestus akabonyezabonyeza, akatikisa kichwa.

— Shemeji, app ya meseji imejiapdeti yenyewe. Hili toleo jipya, namba ya nje ambayo hujaisevu inaitupa kwenye taka. Nikifungua hiyo taka, simu inaganda. Imezeeka.

— Kwa hiyo?

— Naiondoa apdeti, app inarudi kama ilivyotoka dukani. Meseji zenyewe zinakaa kwenye simu, si kwenye app.

— Na zikifutika? Luhende akauliza.

— Zikifutika, mimi nitaolewa huko huko Kahama, Zita akajibu. Fundi, bonyeza.

Projestus akabonyeza. Simu ikafikiri weee. Halafu zikajipanga, zote sita, na tarehe zake.

Luhende akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili.

— "Baba amekubali. Ng'ombe wanane, Jumamosi saa nne asubuhi." ... "Mko wapi?" ... "Wazee wameondoka." ... "Oa hao ng'ombe wako."

Projestus akacheka. Luhende alikaa chini, palepale vumbini.

— Mzee alisemaje?

— Alikunja mikeka mwenyewe.

Honi ikalia.

— Dada, tunakuacha!

— Luhende, inuka. Kanishushie begi langu kwenye basi. Leo unakwenda kumpigia baba magoti, unamsomea zote sita.

— Hata ya mwisho?

— Hiyo ndiyo unaanza nayo.

Jioni hiyo shikamoo ya Luhende ilining'inia muda mrefu kabla Mzee Ndikuriyo hajaitikia marahaba. Alisikiliza zote, akauliza apdeti ni mdudu gani, kisha akaongeza ng'ombe wa tisa, wa kuwafuta wazee aibu. Walifunga ndoa baada ya mavuno ya maharage. Wanaishi Nyabusozi na wana binti mmoja. Ildefonsa alimpa cherehani msichana mwingine. Projestus alihamia Nyakanazi. Ile simu haijiapdeti tena, Zita alizima mwenyewe, na namba ya Burundi imeseviwa humo, ingawa hakuna anayeipiga.