Sauti Isiyofaa Kwaya

Foleni ya maabara ilifika mlangoni asubuhi ile, na mwanamume mrefu mwenye shati la samawati alikuwa akiwapisha watu kila zamu yake ilipokaribia.

"Kaka, njoo tu, utafika mwisho wa foleni peke yako," alisema mtaalamu wa maabara, akamketisha na kumfunga mpira mkononi. "Unaogopa sindano?"

"Mimi? Nawaonea huruma wenzangu."

Mtaalamu akamwimbia wimbo wa ibada kwa sauti ya chini, kama alivyowafanyia waoga wote. Aliuimba vibaya mno, hata mgonjwa akafumbua macho.

"Dada, huo wimbo umekukosea nini?"

"Bonyeza pamba. Damu nimeshachukua."

Kumbe mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wa kwaya. Simu zikaanza kati yao.

"Sindano wangu, umekula?"

"Nimekula, Mwalimu. Kidonda chako kimepona?"

"Cha mkononi kimepona. Cha moyoni ndiyo kwanza kinaanza."

Mtaalamu akajiunga na kwaya ya Mwalimu. Si kwa mapenzi tu. Alikwisha kujaribu kufundisha watoto wa kanisani, wakamshinda. Alijaribu kupokea wageni mlangoni mwa kanisa, akasahau nyuso. Ilikuwa kama Mungu aliwagawia watu wote kazi, akamruka yeye.

Jumamosi moja, katikati ya mazoezi, Mwalimu alinyamazisha kinanda.

"Sauti ya pili, kuna mtu anatupotosha."

Wote waligeuka kumtazama. Baada ya mazoezi Mwalimu akamwomba apumzike kuimba. Alilikunja gauni la zambarau la kwaya, akaliweka juu ya kinanda, akatoka. Simu ikaita siku nzima, hakupokea.

"Kwaya si kanisa lote," dada yake alimwambia.

"Kwangu ndiyo ilikuwa imebaki."

Haukupita muda, mama mmoja mwenye kilemba cheupe aliingia maabara akiwa ameficha mikono.

"Mwanangu, niache na damu yangu yote."

Mtaalamu aliketi kando yake, akamuuliza habari za wajukuu. Mama akaomba wasali. Wakasali kwa ufupi. Kisha mtaalamu akaanza kuimba. Mama aliangua kicheko, na sindano ikaingia na kutoka bila yeye kujua.

Mlangoni alisimama Mwalimu.

"Huyo mama yangu," alisema. "Kila mara hushikwa na watu wazima wawili. Unawafanyia hivi wote?"

"Wanaoogopa. Ni kazi tu."

"Nilikutoa kwaya kwa sababu unaimba vibaya, na hilo silifuti. Lakini nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Mtaalamu alilitazama benchi la wanaosubiri, akawakumbuka wale waliokwisha kutoka wakitabasamu. Hakuna aliyempa sare kwa kazi hiyo ya kuwatuliza waoga. Alikuwa akiitafuta Jumapili kazi aliyoifanya tangu Jumatatu. Mabega yakamshuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Kwa hiyo nisirudi kwaya?"

"Nakusihi, usirudi."

Mtaalamu alicheka mpaka machozi.

"Basi oaneni," mama alisema, akibonyeza pamba. "Mkono unaniuma, nataka nyumbani."

"Mama ndiye anayeposa?"

"Ninaposa mimi," alisema Mwalimu. "Mama anaharakisha tu. Utakubali?"

Mtaalamu akamvutia kiti cha wagonjwa.

"Keti. Jibu nitakupa ukiwa huna pa kukimbilia."

Mwalimu aliketi, akakunja mkono wa shati kwa mazoea, akafumba macho. Sindano ilibaki mezani. Akamwimbia wimbo uleule, kwa ubaya uleule, na kabla ubeti haujaisha akamwinamia sikioni.

"Ndiyo," alisema. "Tayari. Hujasikia maumivu, sivyo?"