Nani Hajui Kuogelea?

Asubuhi za mwezi Juni huko Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, huwa na baridi ya kuuma masikio. Albina aliamka mapema kama kawaida yake, akavaa sweta mbili, akachochea moto, kisha akabeba ndoo kwenda kuchota maji kijitoni. Kijito chenyewe kilikuwa chembamba. Hata ukisimama katikati, maji hayakufika magotini. Aliporudi, alimsaidia mama yake kupeta ulezi waliovuna wiki ile. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuwahi kuona maji mengi kuliko yale yanayotuama mabondeni wakati wa masika.

Siku hiyo aliingia shangazi yake, Coleta, akiwa na khanga kiunoni na sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni. Ulikuwa mwaka 1993. Siku za kupanga foleni ya sukari na sabuni zilikuwa zimepita. Maduka ya mtaa wa Majengo, pale mjini, yalijaa bidhaa, na mtu yeyote asiyeogopa kuhangaika aliweza kuanzisha biashara yake. Coleta alikuwa akinunua dagaa katika Ziwa Tanganyika na kuwauza Sumbawanga. Aliishi Kipili, kando ya ziwa, pamoja na binti yake Angela.

"Wifi, shule zimefungwa," Coleta alisema. "Nipe huyu mtoto akalione ziwa."

Mama alicheka. "Mchukue. Lakini unirudishie mzima."

Walisafiri kwa lori kutwa nzima. Jua lilipoanza kuinama, barabara nayo ilianza kuteremka, ikijikunja huku na huku kwenye miteremko yenye miti. Albina alivua sweta moja, baadaye akavua na ya pili, kwa sababu hewa ilizidi kuwa ya joto. Ndipo lori lilipokata kona, akaona kitu cha buluu kilichoanzia chini ya milima na kwenda hadi macho yaliposhindwa kufika.

"Shangazi, mbona mbingu imeshuka?" aliuliza.

"Hilo ndilo ziwa, mwanangu."

Albina alitafuta ng'ambo ya pili asiione. Alihisi kifua chake kimekuwa kidogo mno kubeba kile alichokuwa akikitazama.

Kesho yake Angela, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja tu, alimpeleka ufukweni. Wanawake walikuwa wakianika dagaa mchangani, na wavulana walikuwa wakipaka boti lami. Angela alivuta pumzi, akajitupa majini kutoka kwenye mwamba, akapotea. Albina alipotaka kupiga kelele, kichwa cha binamu yake kiliibuka mbali kabisa, meno yote nje.

"Njoo, bwana!" Angela aliita. "Au ninyi watu wa juu mnaogopa maji?"

Watoto wengine walicheka. Uso wa Albina ulipata moto.

"Siogopi. Nina mafua tu," alijibu. "Kwetu naogelea kila siku."

Maneno yakawa yamekwisha kutoka. Hakujua namna ya kuyarudisha.

Jumamosi, Coleta alikwenda kununua dagaa katika kisiwa kilicho mbele ya Kipili, mwendo wa saa moja hivi kwa boti ya injini, akawachukua wasichana wote wawili. Nahodha wa boti hiyo ya mbao aliitwa mzee Nestory. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika meli za ziwani. Siku hizi, licha ya kuendesha boti, alikuwa akiwafundisha vijana wa Kipili namna ya kuvua na kusafiri kwa usalama, akishirikiana na bwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi wa pale. Kijana mmoja katika wanafunzi wake, jina lake Loth, ndiye aliyekuwa msaidizi wake botini.

"Shikamoo, mzee," Albina alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu. Karibu ziwani." Kisha akageukia abiria wote. "Sikilizeni. Tupo watu saba. Majaketi ya kuokolea nimepewa manne tu na mwenye boti. Atakayekosa jaketi atapata dumu tupu lililozibwa vizuri na kufungwa kamba. Hilo nalo huelea. Kwa hiyo nauliza, nani hajui kuogelea?"

Coleta aliinua mkono bila kusita. "Mimi nauza dagaa, mzee, siogelei nao." Watu walicheka, naye akapewa jaketi. Mama mmoja mchuuzi aliyeitwa Cornelia aliinua mkono pia. Karibu yake alikaa Kalisti, muuza mitumba kutoka Majengo, mwanamume mwenye mabega mapana kama mlango. Kalisti alitazama pembeni.

"Wengine?" mzee Nestory aliuliza, akimtazama Albina. "Wewe wa Sumbawanga?"

Albina alihisi macho ya Angela shavuni pake. "Najua," alisema.

"Vizuri. Basi haya mawili, moja avae Angela, maana ndiye mdogo, na moja avae Loth, maana yeye hutembea mbele kushika kamba."

Boti iliondoka. Ziwa lilikuwa limetulia, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba Albina aliona mawe na samaki wadogo wenye milia wakipita chini ya boti. Halafu mawe yakazama gizani, samaki wasionekane tena, na maji yakageuka buluu nzito, karibu nyeusi.

"Hapa chini kuna nini?" alimuuliza nahodha.

"Maji," alijibu mzee Nestory kwa sauti ya chini, kana kwamba wako kanisani. "Chini ya maji, maji mengine. Ziwa hili ni miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Nimepita juu yake miaka thelathini, na kila nikitazama hapo nywele husimama."

Albina aliuondoa mkono wake ukingoni, akaubana mapajani.

Kisiwani walinunua dagaa, wakapakia magunia manane. Mchana walianza kurudi. Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia wakati upepo ulipoanza kuvuma kutoka kusini. Kwanza ulichezea khanga za kina mama. Kisha ukaja kwa nguvu, na lile ziwa lililokuwa limelala likaamka lote kwa pamoja. Mawimbi yalijiinua marefu na ya kijivu, yenye vilele vyeupe. Boti ilipanda moja, Albina akaiona milima ya kwao Ufipa mbali. Ikashuka, asione kitu ila kuta za maji pande zote. Aliogopa, na hata katika woga huo hakuweza kuacha kuyatazama. Hakujua kwamba kulikuwa na kitu duniani chenye nguvu kama ile.

"Kaeni chini kabisa! Asisimame mtu!" aliamuru mzee Nestory. Alipunguza mwendo wa injini na kuielekeza boti kichwa mbele kwenye mawimbi, yasiipige ubavuni. "Loth, toa maji!"

Loth alianza kuchota maji kwa kopo na kuyamwaga nje. Maji yaliingia kwa wingi kuliko yalivyotoka.

"Tutajikaza hadi Kipili," nahodha alisema kwa sauti kubwa lakini tulivu. "Nisikilizeni, kila mtu ajue kazi yake. Tukipinduka, msiiache boti, mbao huelea. Wanaojua kuogelea watawashika wasiojua. Kalisti, wewe mshike mama Cornelia. Albina, wewe utakuwa na shangazi yako."

Coleta aliunyoosha mkono wake uliolowa na kushika mkono wa Albina. "Nakutegemea, mwanangu," alisema.

Neno hilo lilimwingia Albina kuliko baridi ya maji. Shangazi angemshika yeye, na wangezama pamoja katika ile buluu isiyo na mwisho. Wimbi likawapiga. Akamgeukia nahodha.

"Mzee! Nilisema uongo! Sijui kuogelea! Sijui kabisa!"

Kisha Kalisti, yule mtu mkubwa, akasema huku akitazama miguu yake, "Hata mimi sijui, mzee."

Mzee Nestory hakufoka. Alitazama mbele, akatazama nyuma kilipo kisiwa, na mtu angeweza kuona mawazo yakipangwa upya usoni mwake.

"Basi Kipili hatuendi," alisema. "Tunarudi kujikinga nyuma ya kisiwa. Angela, wewe ni samaki. Mpe ndugu yako jaketi, uchukue dumu lake. Loth, mpe Kalisti lako, ujifunge dumu. Coleta, boti ni nzito. Nisamehe, magunia yatoke."

Angela alikuwa amekwisha kuvua jaketi. Alimvisha Albina na kumkazia kamba kifuani. Coleta alishika gunia la kwanza na kulisukuma majini kwa mikono yake mwenyewe, kisha la pili, hadi yote manane yakaisha. Boti iliinuka, ikawa nyepesi. Nahodha alisubiri pengo kati ya mawimbi makubwa, akaigeuza kwa haraka.

Walipofika nyuma ya kisiwa, upepo ulikatika kana kwamba mtu amefunga mlango. Boti iligusa mchanga. Mama Cornelia alishuka akapiga magoti na kufanya ishara ya msalaba. Kalisti aliketi akafunika uso.

Wavuvi wa kisiwani waliwapa moto na uji. Albina alikaa mbali na wengine mpaka Coleta alipomfuata.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliona aibu, shangazi. Dagaa wako wamepotea kwa ajili yangu."

"Dagaa wamepotea kwa sababu ya upepo. Wewe upo. Mama yako nitamtazama usoni." Akamvuta, akamfunika kwa khanga yake.

Mzee Nestory naye alikuja, akachuchumaa mbele yake. Angela alisimama nyuma ya nahodha, akiuchorachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Albina, nilipouliza nani hajui kuogelea, sikuwa nikitoa mtihani wa kumpata wa kwanza na wa mwisho. Nilikuwa natafuta ukweli wa kupangia safari. Asubuhi ulininyima ukweli huo, na ungeweza kutuua. Lakini mchana, wakati ambapo kusema kulikuwa kugumu zaidi, ulisema. Ukamfungua na mtu mzima mdomo. Nami nina kosa langu: niliondoka na watu saba kwa majaketi manne. Hilo halitatokea tena. Idadi ya majaketi ndiyo itakayokuwa idadi ya watu, na mwenye boti akikataa, atafute nahodha mwingine." Akawatazama wasichana wote wawili. "Ziwa hili halina chuki na mtu, wala halina huruma. Linataka tuliheshimu. Na heshima huanza kwa kusema wazi usichokijua, ili ufundishwe."

"Na mimi nisimcheke mtu," Angela alisema polepole.

Upepo haukutulia siku hiyo, kwa hiyo walilala kisiwani. Asubuhi maji yalikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Angela alimshika Albina mkono, wakaingia pale maji yalipofika kiunoni, huku Coleta na mzee Nestory wakiwatazama.

"Lala chali," Angela alisema. "Masikio yaingie majini. Usipigane nayo. Nimekushika mgongo."

Albina alilala. Masikio yake yalijaa ukimya mkubwa ambao hakuwahi kuusikia. Juu yake palikuwa na anga, na chini yake maji yale yale yaliyomtisha jana, sasa yakimwinua taratibu kila alipovuta pumzi.

"Usiniachie," alinong'ona.

"Nimeshakuachia muda mrefu," Angela alijibu.