Uji wa Fundi Lugembe

Kila asubuhi saa kumi na mbili, katika jiko la Hospitali ya Miamba jijini Mwanza, mikono miwili ya chuma ilishika mwiko na kuanza kukoroga uji wa wagonjwa arobaini. Mwenye mikono hiyo hakuwepo jikoni. Alikuwa amelala kitandani kwake Igoma, kilomita kumi na moja kutoka hapo, na mkewe alikuwa bado anafagia uwanja.

Mtambo wenyewe uliitwa mwilimbali. Ulikuwa na kichwa kidogo chenye macho mawili, kiwiliwili chembamba kilichosimama juu ya magurudumu, na vidole kumi vilivyoweza kuokota punje ya mchele. Mwenye kuuendesha alivaa kofia ya nia, kofia laini iliyosoma kichwani mwake kila alipotaka kunyoosha mkono au kukunja kidole. Nia hiyo ilipelekwa hewani, na mwilimbali ukaitimiza. Ulichokiona mtambo, yeye alikiona kwenye miwani aliyovaa, na ulichokisikia, yeye alikisikia. Hivyo ndivyo shirika la hisani la Mikono Tena lilivyowaeleza watu, na mwaka huo wa 2094 watu wengi bado waliamini wanachoelezwa na mashirika, hasa yale yenye picha nzuri.

Mtu wa Igoma aliitwa Lugembe, na majirani walimwita Fundi, kwa sababu kabla ya kuanguka kutoka ghorofa ya nne alikuwa mwashi wa kusifika. Tangu siku hiyo alikuwa na kichwa tu. Shingoni kwenda chini hakuna kilichomtii. Miaka tisa alilala akitazama dari. Zama hizo mashine zilikuwa zimechukua kazi nyingi, na kila raia alipata mgao wake wa chakula na dawa, kwa hiyo Fundi hakulala njaa hata siku moja. Alichokosa ni mtu wa kumuuliza leo umefanya nini.

Aliyemletea kofia alikuwa Milembe, mhandisi wa Mikono Tena, dada wa miaka thelathini na moja mwenye haraka ya kutembea na wepesi wa kulia. Siku ya kwanza alimvisha kofia, akaweka mwilimbali palepale chumbani, akamwambia anyanyue kikombe. Kikombe kilinyanyuka, kikatikisika, kikakaa hewani. Fundi alikitazama muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kumbe bado najua." Milembe alitoka nje akaenda kulia kwenye mchicha wa Mama Limi, mke wa Fundi, na hata leo haoni haya kulisimulia jambo hilo.

Mwilimbali ukapelekwa hospitalini, na miezi mitatu ikapita. Fundi alianza kudai anyolewe ndevu kila Jumatatu. Mama Limi aliwaambia wenzake kanisani kwamba mume wake yuko kazini, na alilisema neno hilo kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo Milembe alikwenda hospitalini kubadilisha kiungo cha kifundo cha mkono wa kushoto wa mwilimbali. Aliukuta ukikoroga uji kwa utulivu, duara moja baada ya jingine. Akapiga simu Igoma kumwomba Fundi aupumzishe mkono. Mama Limi ndiye aliyepokea.

"Subiri kidogo mwanangu, namwogesha," alisema. "Kofia yake ipo hapa kwenye kiti."

Milembe aliutazama mwilimbali. Ulimaliza kukoroga, ukageuka, ukachukua kikombe cha kwanza na kumimina uji bila kumwaga hata tone. Alisimama pale mpaka vikombe arobaini vikajaa, bado ameshika bisibisi.

Mkurugenzi wa shirika, Daktari Rweyongeza, hakukana Milembe alipomuuliza. Alikuwa mtu mpole aliyewapenda watu wake kwa dhati, na huo ndio ulikuwa ugumu wa kumkasirikia. Alieleza kwamba ndani ya kila mwilimbali kulikuwa na akili rekebishi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutuliza mtetemeko wa mkono. Hospitali iliogopa uji wa moto kumwagikia wagonjwa, basi wakaiongeza kidogo, wakaiongeza tena, mpaka ikawa inafanya kila kitu. Fundi alitaka kukoroga, kwenye miwani akaona kunakorogwa, akaamini ndiye anayekoroga. Watu wote ishirini na sita wa mpango walikuwa hivyohivyo.

"Heshima yake amepata, wagonjwa uji wamepata," alisema Mkurugenzi. "Wewe unataka nini zaidi?"

Tena alimtahadharisha Milembe. Akizima akili rekebishi na mambo yakaharibika, hospitali itaurudisha mwilimbali, na hapakuwa na mahali pengine palipokubali kumpokea Fundi. Atarudi kwenye dari yake. Milembe alijua kwamba hilo ni kweli. Alikaa nalo siku mbili, hakula vizuri, kisha akafunga safari kwenda Igoma.

Alimkuta Fundi amenyolewa. Alimwamkia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaeleza yote bila kuinua macho. Alipomaliza, alisikia Mama Limi akichambua mchele barazani.

"Nilijua," alisema Fundi.

Milembe akainua macho.

"Wiki ya tatu nilijaribu kumwaga. Nilitaka kwa moyo wangu wote kumwaga kikombe kizima pale sakafuni. Uji ukaingia kikombeni kama kawaida. Nikajaribu na kesho yake. Hola, hata tone halikumwagika."

"Sasa mbona hukuniambia, Fundi?"

"Wewe ulikuwa na furaha sana, mwanangu. Kila ukija hapa unanitazama kama mzazi ambaye mtoto wake ameshika namba moja darasani. Na huyu mwenzangu huko nje anaringa. Nikasema labda kazi yangu ndiyo hiyo, kuwafurahisha. Basi nikajitahidi niifanye vizuri."

Milembe aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utoto. Alikuwa amekuja kumbebea mzee wa watu ukweli mzito, kumbe mzee ndiye aliyekuwa akimbeba yeye, wiki hadi wiki, na kumshukuru kila akiondoka. Alimuuliza anataka nini hasa.

"Nataka mkono unaoweza kumwaga," alisema Fundi.

Neno la mwisho lilikuwa la Bi Nyanjige, mkuu wa jiko. Mama huyu alikuwa amelisimamia jiko lile miaka ishirini na minane, na hata madaktari walipita mlangoni kwake kwa adabu. Naye hakuwa ameambiwa lolote. Aliukuta mwilimbali umeletwa, akadhani ni mashine kama mashine nyingine. Milembe alipomweleza, kilichomuudhi zaidi si udanganyifu.

"Miezi mitatu nasimama na baba wa watu jikoni, sijamsalimia?" aliuliza. "Mmenifanya mimi mtu wa namna gani?"

Alikubali kumjaribu Fundi asubuhi moja, bila akili rekebishi. Sharti lake lilikuwa kwamba uji ufike wodini saa mbili. Jiko si mahali pa kumbembeleza mtu, alisema. Kama hawezi, mtambo uondoke siku hiyohiyo.

Asubuhi ya jaribio Milembe alikaa Igoma, pembeni ya kitanda, akiufuatilia mwilimbali kwenye kioo kidogo mkononi kilichomletea picha na sauti za jikoni. Alishusha akili rekebishi hadi sifuri, kisha akafungulia sauti ya Fundi isikike kule jikoni kwa mara ya kwanza. Kule jikoni mikono ya chuma ilianza kutetemeka, na kwenye paji la uso la Fundi jasho likatoka. Bi Nyanjige alimsalimia kwa jina, akamwonyesha unga ulipo, akageukia vitunguu vyake.

Sasa Fundi hakuwahi kupika uji maishani mwake. Miezi mitatu alikuwa ameona ukipikwa, lakini kuona peke yake hakukumfundisha kitu. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Aliumwaga unga mwingi ndani ya sufuria kubwa, akaurundika, akachimba shimo katikati, akajaza maji ya moto shimoni, kisha akaanza kuvuta unga kutoka pembeni kwa mwiko na kuupindua, kidogo kidogo, sawasawa na mwashi anayechanganya saruji. Milembe aliziba mdomo. Yalitoka madonge makubwa kama kokoto.

Bi Nyanjige akageuka.

"Wewe baba, unanijengea ukuta au unanipikia uji?" alifoka. "Nani amekwambia unga unachimbiwa shimo? Hebu toa hiyo takataka. Unga unauvuruga kwanza na maji baridi, pembeni, ndipo unaumimina kwenye maji yanayochemka, huku mkono haupumziki. Haupumziki, nimesema. Wagonjwa wangu hawana meno ya kutafuna mawe."

Aliendelea hivyo kwa dakika kadhaa. Fundi alianza upya kwa sufuria nyingine. Alivuruga unga, akamimina, akakoroga, akamwaga robo ya sufuria sakafuni. Bi Nyanjige akampa dekio, akasimama kumwangalia mpaka alipomaliza, kisha akarudi kwenye vitunguu akilalamika peke yake kwa sauti ya kusikika. Uji uliiva. Vikombe vilijazwa kimoja kimoja, vingine zaidi, vingine pungufu, na vilipoingia wodini ilikuwa saa mbili na robo.

Milembe aliinamisha kichwa. Dakika kumi na tano. Alianza kupanga moyoni atamwambia nini Mama Limi.

Kwenye kioo, Bi Nyanjige alikuwa amesimama mbele ya mwilimbali, mikono kiunoni.

"Umenichelewesha," alisema. "Wodi ya wazee wamenipigia kelele kwa ajili yako. Kesho uje saa kumi na moja, sio kumi na mbili, maana wewe bado mgeni. Na ile sufuria ya madonge uioshe kabla hujaondoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama," alijibu Fundi.

Aliisugua sufuria ile nusu saa nzima, ndani na nje, mpaka na masizi ya miaka mingi yakatoka. Milembe alipomvua kofia na miwani, uso wa Fundi ulikuwa umelowa machozi na jasho pamoja. Mama Limi aliingia na kitambaa, akaanza kumfuta, akamgeukia Milembe kwa ukali akitaka kujua wamemfanya nini mume wake.

"Nimegombezwa," alisema Fundi, naye alikuwa anacheka. "Mama Limi, kesho uniamshe saa kumi. Yule mama hana mchezo. Nikichelewa atanifukuza."