Nishikie Nafasi

Kila alfajiri Chiriku alibeba ndoo yake ya manjano hadi kwenye bomba la mtaa. Jina hilo alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu mdomo wa binti huyo haukujua kupumzika. Aliiweka ndoo mwisho wa foleni, akamgeukia aliyekuwa mbele yake na kusema, "Shangazi, nishikie nafasi, narudi sasa hivi." Kisha akarudi kujifunika shuka. Na sasa hivi ya Chiriku ilikuwa ndefu.

Maji yalitoka asubuhi tu. Kengele ya shule ilipolia, bomba lilifungwa kwa amri ya idara ya maji, na kila siku watu wa mkiani walirudi nyumbani na ndoo kavu. Lawama zote zilimwangukia Babu Funguo, mzee aliyekabidhiwa bomba hilo. Ukisimama kule kwenye kona ulimwona akilifunga, akishika kiuno, halafu akilifungua tena.

"Anatuchezea huyu," watu walinung'unika. "Anabakiza maji awauzie wenye matangi."

Shuleni, mwalimu wa kompyuta alikuwa anawafundisha akina Chiriku kuiga mambo ya kweli ndani ya mashine. Unachora vidoti, unavipa kanuni chache, unaviachia uone vitafanya nini. "Mambo yenye watu wengi hayaonekani kwa kumtazama mtu mmoja," alisema. Chiriku akachagua foleni ya bomba. Kila kidoti alikipa ndoo, akakiambia kingoje zamu, kichote, kiondoke. Akabonyeza. Vidoti vikateremka kwa adabu, vyote vikapata maji, na muda ukabaki. Akabonyeza tena, ikawa vilevile.

Jioni alimsimulia mama yake kwa fahari. Mama, huku akimpima gauni mke wa mwenyekiti wa mtaa, naye akamsimulia. Kufumba na kufumbua, mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo maji yanatosha?"

"Kwenye kompyuta yanatosha, baba, lakini..."

"Basi! Hata kompyuta imesema. Jumamosi tunaitisha mkutano, mzee arudishe funguo."

Chiriku hakuwa amemshtaki mtu. Alikuwa amechora vidoti tu.

Kesho yake alikutana na Babu Funguo njiani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mzee alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Nasikia mashine yako imeniona mwizi. Haya. Mimi kusoma sikusoma, nitaibishiaje?"

Maneno hayo yalimchoma Chiriku. Alimwomba mama yake amwambie mwenyekiti kwamba huenda programu ina kasoro. Mama alicheka. "Wewe jana uliisifia, leo unaikana?" Chiriku akamfuata mwenyekiti mwenyewe, naye akampapasa kichwa na kumwambia aende akasome. Siku zote Chiriku alikuwa na la kusema na watu wa kumsikiliza. Sasa alikuwa na neno moja tu la maana, na hakuna aliyelitaka. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Alirudi kwenye kompyuta na kuanza kuichakachua. Akapunguza kasi ya bomba, na vidoti vya mwisho vikakosa maji. Babu ameokoka! Mwalimu akainama nyuma yake.

"Kasi hii umeipima wapi?"

Chiriku akaifunika namba kwa kiganja.

"Umeitoa kichwani?"

"Nataka kumsaidia Babu, mwalimu," alisema, na machozi yakamtoka. "Najua hakuiba."

"Unajua, au unatamani iwe hivyo? Ukiipinda namba leo imwokoe, kesho mwingine ataipinda imzamishe. Nenda kaitazame foleni yenyewe, mwanzo hadi mwisho. Usiondoke."

Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, Chiriku hakurudi kitandani. Alisimama nyuma ya ndoo yake mpaka miguu ikafa ganzi. Foleni ilikwenda vizuri, kisha ikakwama.

"Ndoo hii ya nani?" Babu Funguo aliita, akafunga bomba maji yasimwagike. "Jamani, ya nani?" Mtoto akatumwa mbio. Mwenyewe akaja akipiga miayo. Ndoo ya tatu kutoka hapo, hadithi ileile. Na huko nyuma watu, walipoona foleni haisogei, nao wakaanza: "Nishikie nafasi, nikawashe jiko." "Nishikie na mimi." Kadiri foleni ilivyokwama ndivyo watu walivyozidi kuondoka, na kadiri walivyoondoka ndivyo ilivyozidi kukwama.

"Kwa nini usiziruke, Babu?"

"Nikiruka ndoo ya mtu, atanitukana mpaka jioni."

Yule shangazi wa mbele akageuka. "Makubwa! Leo Chiriku upo? Kila siku tunakungoja wewe!"

Katika vidoti vyote Chiriku alivyochora, hakuna hata kimoja kilichoondoka kwenye foleni. Alikuwa amejisahau mwenyewe.

Jumamosi, Babu Funguo alikuja mkutanoni akiwa ameshazitoa funguo mfukoni. Aliziweka mezani. Mwalimu aliweka kompyuta kando ya funguo hizo, na Chiriku akaeleza kanuni mpya aliyoongeza, ya kidoti kuacha ndoo na kuondoka, kisha akabonyeza. Vidoti vikateremka, kimoja chekundu kikakimbia, bomba likangoja, vingine vikakimbia, na mkia ukakauka mbele ya macho ya wote.

"Na hicho chekundu cha kwanza ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni mimi," Chiriku akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akainamisha kichwa. "Basi hicho cha pili ni mimi." "Na mimi," akasema mwingine. Mwenyekiti alijikuna shingo kwa muda, maana ndoo yake nayo hushikiwa nafasi. Wakakubaliana: ndoo isiyo na mwenyewe iwekwe pembeni, na Babu asitukanwe. Babu alizichukua funguo zake, lakini hakuna aliyejua namna ya kumwomba radhi.

Mwalimu alimshika Chiriku bega. "Kompyuta haina ukweli wake, mwanangu. Inarudisha kile ulichoiambia. Ukitaka kuelewa jambo la watu wengi, jihesabu na wewe. Ukijiacha nje, utampa mwingine kosa lako."

Jumatatu alfajiri kulikuwa na baridi. Chiriku aliweka ndoo ya manjano kwenye foleni, na maneno yakamfika ulimini, "Shangazi, ni..." Akayameza. Akakunja mikono, akangoja, akasogea, akangoja tena.

"Ndoo hii ya nani?" Babu Funguo aliuliza, ingawa alikuwa anamwona.

"Yangu, Babu. Nipo."

Mzee akafungua bomba.