Tokeni ya Mama

Jamani, haya ninayowasimulia hayakuletwa na mlevi wala mwizi. Yaliletwa na mtoto mpole, msomi, asiyemvunjia mtu heshima, aliyempenda mama yake kama roho yake. Ndiyo maana yanauma.

Ilikuwa Jumapili mchana, na nyumba ya vyumba viwili imetulia. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake nyeupe, anainyunyizia maji kwa vidole. Mwanawe wa mwisho, ambaye nyumba nzima humwita Kitinda, alikuwa amejikunja mezani na kompyuta yake. Mama huyu alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja. Wodini walimpa jina la Taratibu, kwa sababu kichupa cha dawa alikisoma mara tatu: akikitoa kabatini, akivuta dawa, na kabla hajamchoma mtu sindano. Wauguzi vijana walimtania, "Mama Taratibu, mgonjwa atapona mwenyewe kabla hujamaliza kusoma!" Naye aliwajibu, "Akipona mwenyewe si ndiyo vizuri?" Miaka yote hiyo hakuwahi kukosea dawa. Hakuwa na kiwanja wala gari, lakini jina alikuwa nalo.

Kitinda alikuwa mtengeneza programu, na hospitali ile ile ilikuwa imeipa kampuni yao kazi. Muuguzi akishachoma sindano, abonyeze kwenye simu ya wodi, na kumbukumbu iende kwenye kompyuta kuu.

"Sasa hiyo kompyuta itajuaje kuwa ni mimi niliyebonyeza, si mwenzangu?" mama aliuliza.

"Ukiingia na neno lako la siri, mfumo unakupa tokeni, mama. Ni kama kitambulisho cha getini. Kila unapoandika kitu, simu inakionyesha kitambulisho hicho, na kompyuta inajua huyu ni Taratibu. Baada ya masaa manne kinaisha, unaingia upya."

"Na kikiisha, nami nikaendelea kubonyeza?"

"Inakukatalia."

"Eeh, hapo sawa. Ikatae kweli kweli, isione haya." Akageuza sare upande wa pili.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuujaribu mfumo ule. Kitinda alimtengenezea tokeni ya majaribio isiyoisha muda, yenye jina lake, akaihifadhi ndani ya programu. Hakuwa na nia mbaya.

Siku mbili kabla ya uzinduzi, wauguzi waliokuwa wakiujaribu wakaanza kulalamika. Katikati ya zamu, mikono ina glavu, simu inawatupa nje na kudai neno la siri. Bosi wa kampuni akamjia Kitinda juu.

"Keshokutwa wakubwa wa hospitali wanakuja na wageni. Sitaki kuona mtu anakataliwa mbele yao. Utajua mwenyewe utafanyaje."

Njia sahihi ilikuwepo, na Kitinda aliijua: mfumo uwe unampa mtu tokeni mpya kimyakimya kabla ya ile ya zamani kuisha, baada ya kuhakikisha ni yeye yule. Ni kazi ya siku nne, naye alikuwa na mbili. Basi akaandika mistari mitatu tu. Tokeni ya mtu ikiisha, mfumo usimkatae, utumie ile ya majaribio. Yaani mlinzi wa geti, badala ya kumrudisha mwenye kitambulisho kilichoisha, anamvisha cha mama Kitinda na kumwambia pita.

"Ni kwa wiki moja tu," alijiambia. "Nitarekebisha."

Uzinduzi ukaja, watu wakapiga makofi, bosi akampa kazi nyingine. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitano. Nani kati yetu hana "nitarekebisha" yake?

Jumanne moja, mama alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo si yake. Akakaa kitini na mkoba begani.

"Kuna kabinti ka miaka sita, kitanda cha tisa," alisema. "Jioni tatu mfululizo kamechomwa dozi ya mtu mzima wa kitanda cha kumi. Ni dawa inayoua masikio ikizidi. Masikio yamekufa, Kitinda. Mama yake anamwita, hageuki."

"Nani alimchoma?"

"Mimi."

"Mama!"

"Metroni kanionyesha karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Tulikuwa watatu zamu, lakini jina ni langu, jioni zote tatu."

"Wewe mwenyewe unakumbuka kumchoma?"

"Nakumbuka nilimfunika shuka. Nakumbuka aliniomba maji. Sindano siikumbuki." Akavitazama viganja vyake. "Labda ndiyo uzee wenyewe, mwanangu. Labda nilisoma mara tatu, macho yakasoma kitu kingine."

Kitinda aliingia chumbani, akafungua kumbukumbu za wodi. Kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni, tokeni za zamu ya mchana zikishaisha, wodi nzima ilikuwa imehudumiwa na mtu mmoja. Kwa dakika moja mama yake alikuwa amechoma watu watatu katika vyumba vitatu.

Alipaswa kutoka pale pale aseme. Alimpigia bosi kwanza.

"Ukifungua mdomo tumekwisha wote," bosi alisema. "Mama yako mtu mzima, atastaafu mapema kidogo tu. Kaa kimya."

Akakaa kimya. Siku tisa! Alikula meza moja na mama yake, akamwona anaandika barua ya kuacha kazi, akamsikia chooni analia na bomba amelifungulia maji. Siku ya tisa mama alikwenda nyumbani kwa yule mtoto kuomba radhi. Alirudi magoti ya gauni lake yana vumbi.

"Mama yake hakunitukana. Afadhali angenitukana," alisema. "Mtoto alikuwa ananitazama mdomo, Kitinda. Ameanza kujifunza kutazama midomo."

Hapo kijana akavunjika. Alimweleza yote: tokeni, ile mistari mitatu, siku tisa. Mama alisikiliza bila kupepesa, na polepole uso wake ukaanza kunawiri.

"Kwa hiyo si mimi."

Mama akamshika mkono.

"Sema, baba. Si mimi?"

"Huenda si wewe, mama."

"Huenda?"

"Tokeni zenu zote tatu ziliisha saa kumi na mbili. Wote mliandikwa jina lako, hata wewe mwenyewe. Huenda ni mwenzako. Huenda ni wewe. Kompyuta haijui."

Uso ule ukazimika. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuuliza. Siku ile napiga pasi, nilikuuliza ikiisha itafanyaje. Ukaniambia inakataa."

Kitinda alikwenda kwa metroni alasiri hiyo hiyo. Metroni alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga macho.

"Ungekuja siku ile," alisema, "ningewauliza wale wawili wakiwa bado wanakumbuka. Daftari la zamu la mkono lilikuwepo. Tumelichoma Ijumaa na karatasi kuukuu, kwa kuwa tuliamini kompyuta yako."

Mfumo ulizimwa. Kampuni ikapoteza kazi, Kitinda naye akapoteza yake. Wauguzi wale wawili waliapa kila mmoja kuwa si yeye, na tangu hapo hawatazamani usoni. Hospitali ilichana barua ya mama, ikamwomba radhi, ikamwita arudi. Hakurudi. Sare yake inaning'inia nyuma ya mlango, imepigwa pasi.

Siku hizi anatumia vidonge vya presha. Kila asubuhi anakisoma kichupa mara tatu, kisha anakinyoosha kwa mwanawe.

"Nisomee na wewe," anasema. "Mimi sijiamini."

Na Kitinda anasoma, jina la dawa na idadi ya vidonge, kila asubuhi.

FUNZO

Ndugu zangu, ukipewa kazi ya kulinda majina ya watu, usiazime jina la mtu kuzibia pengo lako, hata liwe la mama aliyekuzaa na asiyeweza kukunyima kitu. Penye kukataa, mfumo ukatae. Wageni wakicheka, wacheke, wataondoka. Nawe bosi unayesema "utajua mwenyewe", jua kwamba na wewe umo.

Tena, ukigundua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunausema wote msemo huu. Lakini ukuta wa Kitinda haujengeki, kwa sababu ukweli aliopaswa kuulinda ulichomwa Ijumaa pamoja na karatasi kuukuu. Mama yake angeweza kuishi akijua alikosea. Angeweza kuishi akijua hakukosea. Kijana aliyempenda alimwachia "huenda", naye atazikwa nayo.